Mbolea na ukali wa pilipili: mwongozo kwa mashamba ya Malindi

Pasua pilipili mbuzi iliyoiva kwa urefu, kutoka kikonyoni hadi nchani, uitazame ndani. Kuna ukuta wa nje, kuna mbegu, na katikati kuna utando mweupe ulioshikilia mbegu. Kama pilipili yenyewe ni kali kweli, juu ya utando huo utaona vilengelenge vidogo vya manjano vinavyong'aa kama mafuta. Ukali unatengenezwa hapo. Mbegu hazina ukali wa kwao, zinaupata kwa ujirani tu. Anayekung'uta mbegu na kuuacha utando akidhani amepunguza makali, mchuzi utamwambia.

Kinachowasha kinaitwa kapsaisini. Mpilipili huanza kuiunda kiasi cha siku 20 baada ya ua kutunga. Huongezeka hadi siku ya 40 au 50 hivi, kisha hupungua taratibu tunda likiachwa mtini. Hujengwa kutokana na asidi amino mbili, fenilalanini na valini, na yenyewe ina naitrojeni ndani yake. Kwa hiyo ile fikra kwamba mpilipili ukinyimwa mbolea "utakasirika" na kuzaa pilipili kali haina mashiko. Mmea wenye njaa huzaa matunda machache, madogo, yenye ngozi ngumu, basi. Na kinyume chake vilevile si kweli: kumwaga naitrojeni kunakupa kichaka kizuri cha kijani, maua yanayopukutika na matunda laini yanayochelewa kuiva.

Mbegu ndiyo inayopanga ukali unaweza kufika wapi. Lishe, maji na siku ya kuchuma huamua kama tunda litafika huko, na kama litafika sokoni likiwa gumu, lenye rangi na lisilooza. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Mbegu

Kipimo cha ukali ni cha Skovili. Pilipili mbuzi, ambayo ni ya jamii moja na habanero, hufikia 100,000 hadi 350,000. Pilipili kichaa ile ndogo iliyosimama wima huwa kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mboga ni sifuri, na hakuna mbolea duniani itakayoitoa hapo.

Mbegu za kukamua kwenye matunda ya sokoni ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya "pilipili zangu zimepoa". Nyuki hubeba chavua kutoka aina moja hadi nyingine. Tunda la msimu huu halibadiliki, lakini mbegu zilizomo ndani zimeshachanganyika, na msimu ujao mstari mmoja utakuwa na miti mikali na mingine mipole. Ukitaka kujiwekea mbegu, chagua mti mmoja mzuri, funika tawi kwa kitambaa chepesi cha chandarua kabla maua hayajafunguka, litikise kila asubuhi ili chavua imwagike, na chukua mbegu za matunda ya tawi hilo peke yake.

Hatua ya 2: Udongo na maji

Hapa ndipo mashamba ya Malindi yanapotofautiana, na ushauri wa jumla wa "weka mbolea hii" unapoharibu mambo. Ukingoni mwa mto Sabaki udongo ni wa mafuriko, mzito kiasi, unashika maji na chakula. Ukipanda juu kuelekea Magarini kuna ule mchanga mwekundu. Karibu na bahari ni kichanga cheupe au udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe.

Fanya jaribio la dakika moja: weka udongo mkavu kwenye sahani, dondoshea siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu na kuchemka, udongo wako una chokaa ya matumbawe. Maana yake ni kwamba pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iko juu ya 7, wakati mpilipili hupenda 6.0 hadi 6.8. Kwenye udongo kama huo fosforasi hufungwa, chuma na zinki hazipatikani, na jivu la jikoni, ambalo watu hulimwaga kwa moyo safi, huzidisha tatizo. Jivu liwekwe kwenye mchanga mwekundu wenye uchachu, na hata huko lisizidi konzi moja kwa shimo.

Kwa kipimo kamili, chota udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki na utoe nusu kilo. Usichote palipokuwa zizi wala jaa. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, iliyoko Kabete hupima sampuli za aina hii. Waambie unapanda pilipili, ili majibu yaje na viwango vya mbolea.

Maji ni kesi nyingine. Mpilipili hauvumilii chumvi. Maji ya kumwagilia yakizidi 1.0 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, au chumvi ya udongo ikizidi 1.5 kwa kipimo hichohicho, mavuno huanza kushuka, na kila kizio kimoja kinachoongezeka hapo udongoni huondoa takriban asilimia 14 ya mavuno. Visima vya ufukoni, na hasa upande wa Gongoni na Marereni kunakovunwa chumvi, vipimwe kabla ya kununua hata mche mmoja. Kipima chumvi cha mkononi ni kidogo kama kalamu nene. Pima tena mwisho wa kaskazi, maana kisima kilichokuwa kitamu Julai huweza kuwa na chumvi Machi.

Hatua ya 3: Shimo

Nafasi ni sentimita 90 kati ya mistari na 60 kati ya miche. Robo ekari itachukua miche kama 1,870. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, tenga udongo wa juu na wa chini.

Samadi iliyooza ya mbuzi au ng'ombe: lita 2 kwa shimo, yaani debe moja linatosha mashimo 10. Samadi iliyooza haina joto ukiingiza mkono katikati ya rundo, hainuki amonia na huwezi tena kutambua vipande vya majani ndani yake. Ya kuku ni kali zaidi. Tumia nusu ya kiasi hicho, na iwe imekaa miezi mitatu. Kwenye kichanga, samadi ni zaidi ya chakula. Ndiyo inayozuia mbolea ya dukani isizame na maji siku ya pili.

Ongeza DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi na naitrojeni, gramu 10 kwa shimo (kama vifuniko viwili vya soda, robo ekari ni kilo 19 hivi) ukaichanganye vizuri na samadi na udongo wa juu. Rudisha udongo mtupu wa sentimita 5 juu yake kabla ya kuweka mche. Mizizi ikigusa chembe za DAP moja kwa moja huungua: mche hunyauka siku ya tatu au ya nne ingawa udongo una maji, na ukiung'oa utakuta ncha za mizizi zimekuwa kahawia.

Kuhusu kile kifuniko cha soda: kikijaa sawasawa bila kilima kinabeba karibu gramu 5, lakini mbolea hutofautiana uzito. Pima vifuniko 20 kwenye mizani ya duka, gawanya kwa 20, andika ukutani.

Matandazo ya majani makavu au makumbi yawekwe unene wa sentimita 5, mbali kidogo na shina. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi ya kunywa na kuyamwaga mara tatu, au yaache mvua ya masika iyaoshe. Mwani nao ni hivyohivyo.

Hatua ya 4: Kulisha kidogo kidogo

Kosa kubwa la kichanga ni kuweka mbolea yote kwa mkupuo. Naitrojeni ya aina ya naitreti haishikwi na mchanga. Mvua moja kubwa ya Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa, inaishusha chini ya mizizi usiku mmoja. Ratiba ya mche mmoja ni hii:

Wiki ya 3 baada ya kuhamisha: CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) gramu 5.

Wiki ya 5 au 6, vichomozi vya maua vikionekana: NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja) gramu 10.

Matunda ya kwanza yakifikia ukubwa wa punje ya hindi: CAN gramu 5 na salfeti ya potasiamu gramu 5.

Baada ya hapo, kila wiki tatu muda wote wa kuchuma: CAN gramu 5 na NPK gramu 5.

Chora mduara sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, nyunyiza, funika kwa udongo, mwagilia. Ukiiacha juu, hasa ikiwa ni yurea na udongo una chokaa, sehemu yake hupotea hewani kama amonia. Kwenye udongo wa matumbawe unaweza kuweka salfeti ya amonia badala ya CAN, kwa sababu inaongeza uchachu kidogo. Ina naitrojeni asilimia 21 dhidi ya 26 ya CAN, kwa hiyo gramu 5 zinakuwa 6. Matunda yakishaanza kujaa rudi kwenye CAN, kwa sababu amonia nyingi huzuia mmea kuchukua kalsiamu.

Potasiamu ndiyo inayoleta rangi iliyokolea, ngozi ngumu na tunda linalovumilia safari ya kilomita 120 hadi Mombasa bila kutoa maji ndani ya gunia. Usitarajie ikuongezee ukali wa kuhisi ulimini. Nunua ya salfeti, si ya kloridi: ile ya kloridi ni ya bei nafuu lakini inaongeza chumvi kwenye udongo ambao pengine tayari unayo. Na ukiizidisha, potasiamu huusukuma nje ulaji wa kalsiamu na magnesi. Salfa iliyomo nayo ni chakula kizuri, ila isikudanganye: kitunguu ndicho ukali wake unategemea salfa. Kapsaisini haina salfa hata chembe.

Asiyetaka ya dukani atengeneze mbolea ya maji. Kilo 30 za samadi ya mbuzi zitiwe kwenye gunia, gunia lining'inizwe ndani ya pipa la lita 200 lililojaa maji, likorogwe kila siku ya tatu. Baada ya siku 14 changanya sehemu moja ya maji hayo na tatu za maji safi, weka nusu lita kwa mche kila wiki. Mimina chini, isiguse majani wala matunda. Ni kinyesi, na pilipili huliwa mbichi.

Hatua ya 5: Kitako kinapooza

Doa la rangi ya majimaji karibu na ncha ya tunda, kisha linazama, linakuwa kahawia na kukauka kama karatasi, mara nyingine na ukungu mweusi juu. Wengi hupiga dawa ya ukungu. Ukungu umekuja baadaye. Chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda.

Na mara nyingi kalsiamu ipo udongoni, hasa huku kwenye matumbawe. Kalsiamu husafiri na maji tu. Ukimwagilia leo, ukaruka siku mbili, ukaja kuloweka, tunda linalokua haraka hubaki bila. Chumvi, amonia nyingi na potasiamu nyingi huongeza balaa. Kwa hiyo tengeneza mpango wa maji kwanza: mche mdogo nusu lita hadi lita moja kwa siku, mti mkubwa wakati wa kaskazi lita 2 hadi 3, nusu asubuhi na nusu jioni. Kisha kalsiamu naitreti gramu 100 kwenye pampu ya lita 20, kila siku ya 10, jua likishapoa, ukilenga matunda machanga. Lililokwisha kuoza halirudi. Litupe.

Kalsiamu naitreti usiichanganye pipani na salfeti yoyote wala na mbolea ya fosforasi. Jaribu kwenye glasi uone: maji mawili safi yanakutana na kugeuka kama maziwa, kisha kunatulia unga mweupe chini. Ule unga ndio mbolea uliyonunua, na ndio utakaoziba matundu ya mipira ya matone.

Maua yakipukutika, angalia hali ya hewa kabla ya kuangalia mbolea. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usishuke chini ya 24, maua mengi hudondoka yenyewe. Ndiyo maana wenye maji ya kumwagilia hufanya vizuri wakihamisha miche Julai au Agosti, ichanue kwenye ubaridi wa kusi. Iliyochanua Februari itakusumbua hata ukiipa asali.

Kusoma majani bila kudanganyika

Majani ya chini yakiwa manjano kote, ni njaa ya naitrojeni. Ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, magnesi: salfeti ya magnesi gramu 200 kwa lita 20, mara mbili kwa mwezi. Kingo za majani ya zamani zikiungua, potasiamu au chumvi. Tofauti ni kwamba chumvi huacha ukoko mweupe juu ya udongo na mti mzima hudumaa ukiwa na kijani kilichofifia kuelekea buluu.

Majani machanga yakiwa ya manjano na mishipa ya kijani, hiyo ni njaa ya chuma, ugonjwa wa kawaida wa udongo wa matumbawe. Nunua cheleti ya chuma, yaani chuma kilichofungwa ili udongo usikishike, iliyoandikwa EDDHA. Ile ya EDTA hushindwa kwenye pH ya juu, na muuzaji huenda asikwambie.

Majani ya juu yakijikunja, usikimbilie mbolea. Yakijikunja kuelekea juu kama mtumbwi, kagua vithiripi: gonga kichomozi juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna vijidudu vyembamba vinavyokimbia. Yakijikunja kuelekea chini, kama mtumbwi uliopinduliwa, na upande wa chini una kung'aa kwa rangi ya shaba, ni utitiri, nao hauonekani kwa macho matupu. Kuongeza naitrojeni hapo ni kuwapikia wageni: majani laini ndiyo wanayoyapenda.

Maji, kiu na ukali

Ni kweli kwamba kiu kidogo huongeza ukali katika aina nyingi. Lakini mpilipili una maua, matunda machanga na mabivu kwa wakati mmoja. Ukiunyima maji ili haya mabivu yakolee, unayaozesha kitako yale ya wiki tatu zijazo. Kipimo cha kufaa ni hiki: siku nne au tano kabla ya kuchuma punguza maji kwa robo. Majani yakilegea saa saba mchana na kusimama tena kufikia alasiri, upo sawa. Yakibaki yamelegea hadi magharibi, umezidisha.

Kuchuma

Chuma mara moja kwa wiki, asubuhi umande ukishakauka, na kikonyo chake. Rangi ikishafunika tunda lote na ngozi bado imejaa, ukali uko karibu na kilele. Tunda lililoanza kujikunja mtini limeshapoteza sehemu yake na ngozi imeanza kulainika. Chuma la kijani tu kama mnunuzi ameliagiza, na ujue ni jepesi kwa ukali.

Za kukausha zianikwe juu ya chanja au wavu ulioinuliwa, si kwenye mchanga. Zikikaa chini na unyevu wa bahari huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kusaga. Imekauka pale inapovunjika kwa mlio, na mbegu zinachezacheza ndani.

Kupima kama lishe imefanya kazi

Usiamini ulimi kwa kuonja tunda moja. Ncha ya pilipili huwa na ukali mdogo kuliko upande wa kikonyo, na miti ya jirani hutofautiana. Weka mistari miwili, mmoja kwa ratiba hii na mwingine kwa ratiba yako ya zamani, mbegu ileile na maji yaleyale. Chuma matunda 10 kwa kila mstari siku moja, yote yakiwa na rangi kamili, hesabu yaliyooza kitako na upime uzito wa yaliyobaki. Kausha, saga yote na utando wake, kisha changanya gramu 2 za kila unga na nusu kilo ya mbatata za kuchemsha zilizopondwa bila mafuta. Mfamasia wa Marekani Wilbur Scoville alitumia wazo la namna hiyo mwaka 1912, yeye akizimua kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi tena muwasho. Wape watu watano wasiojua bakuli lipi ni la mstari upi, wapumzike dakika 10 kati ya bakuli na bakuli, na maziwa mala yawe karibu. Maji hayasaidii kitu, kapsaisini haiyeyuki humo. Mabakuli yakilingana kwa ukali lakini mstari wa ratiba hii umetoa uzito zaidi na vitako vizima, mbolea imefanya kazi yake.